Ncha ya Risasi Ndogo katika Hewa ya Mlima Kenya

Mwenye leseni ya bunduki ya .22 anayeishi Nyeri, Naro Moru au Nanyuki akifika kwenye duka la silaha lililoidhinishwa, huwekewa mezani visanduku ambavyo kwa macho hutofautiana kwa jambo moja: ncha ya risasi. Hiki kina ncha duara, kile kina ncha bapa, kingine kina tundu katikati ya ncha, na siku hizi kuna risasi za ukoo huu zenye ncha ya plastiki ya rangi. Muuzaji husifu kila kimoja kwa sifa yake. Hii inafika mbali, ile haiyumbishwi na upepo, ile nyingine inapiga kwa nguvu zaidi. Mnunuzi hulipa, na mara nyingi huondoka bila kujua ni lipi kati ya hayo lina ukweli.

Madai hayo yanastahili kupimwa moja moja, kwa sababu yanamhusu hata asiyemiliki bunduki. Kaunti ya Nyeri ilihesabiwa watu 759,164 katika sensa ya 2019, na sehemu kubwa ya ardhi yake imo ndani ya misitu na mbuga za Aberdare na Mlima Kenya. Waliobaki nje ya misitu hiyo wamejipanga bega kwa bega kwenye migongo ya vilima vya kahawa na majani chai. Risasi ndogo ikikosa shabaha hapa, huenda kwa jirani.

Msimamo wangu ni huu. Umbo la ncha lina kazi kubwa mahali pawili: mwanzoni, risasi inapoingia chemba, na mwishoni, inapogusa kitu. Safarini, angani, ncha ya .22 ina mchango mdogo kuliko inavyosifiwa, na kwa wakazi wa nyanda za juu, kimo cha mahali na ubaridi wa asubuhi hubadilisha safari hiyo kuliko tofauti ya ncha na ncha.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Ninaposema risasi namaanisha kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Kikiwa bado kimeshikana na ganda, baruti na fataki, nitasema risasi nzima.

Risasi nzima ya .22 Long Rifle ilitoka kwa kampuni ya J. Stevens ya Marekani mwaka 1887, ingawa ukoo wake ni mkongwe zaidi: Mfaransa Louis Flobert alianzisha wazo hilo mwaka 1845, na Smith & Wesson wakatoa .22 Short mwaka 1857. Alama ya ukoo huu ni mahali fataki ilipo. Katika bunduki kubwa, fataki ni kifuniko kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22, dawa ya fataki imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako chote, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo ili iwake. Ili ukingo upondeke, lazima ganda liwe jembamba. Ganda jembamba haliwezi kuhimili shinikizo kubwa la gesi, na bila shinikizo kubwa hakuna kasi kubwa. Udogo wa kasi ya .22 umetokana na ukingo ule, na umbo la ncha linafuata kasi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulipita. Urefu wa risasi nzima ya .22 Long Rifle, ganda na ncha pamoja, hauruhusiwi kuzidi milimita 25.4. Risasi yenyewe ina kipenyo sawa na cha ganda kwa nje, na sehemu yake ya nyuma imepunguzwa ili iingie ndani ya mdomo wa ganda. Sasa mtu akitaka kuichonga ncha iwe kali kama ya bunduki ya kijeshi, ataupata wapi urefu wa ncha hiyo? Ataupunguza kutoka kwenye kiwiliwili, yaani ile sehemu inayoshikwa na mifereji ya ndani ya mtutu ili risasi izunguke. Au ataipunguzia risasi uzito. Vyote viwili ni hasara. Ncha duara ilibaki kwa sababu hubeba madini mengi kuliko ncha kali katika urefu mfupi uliopo.

Majeshi yalifuata njia nyingine. Wafaransa waliipa bunduki ya Lebel risasi yenye ncha kali mwaka 1898, Wajerumani wakafuata mwaka 1905, na Waingereza wakaipa .303 yao ncha kali mwaka 1910. Risasi hizo zilikuwa zikitoka mtutuni kwa kasi ya mara mbili ya sauti au zaidi. Katika kasi hiyo ncha husukuma wimbi la mshtuko mbele yake, na ncha kali hulipasua wimbi hilo kwa gharama ndogo kuliko ncha duara. Faida ilikuwa kubwa na ilionekana umbali wa mita 400 na kuendelea.

Risasi ya .22 haimo katika ulimwengu huo. Ile ya kawaida ya kulengea shabaha, yenye uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6, hutoka mtutuni kwa mita 326 hivi kwa sekunde. Ile inayoitwa ya kasi hutoka kwa takriban mita 380. Sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 15 za selisiasi. Kwa hiyo .22 huishi maisha yake yote mpakani mwa sauti, ama ikiwa chini kidogo ama ikiwa juu kidogo na kurudi chini kabla haijafika mbali. Chini ya mpaka huo, sehemu kubwa ya mkinzano hutoka nyuma ya risasi, kwenye ule utupu unaoivuta kitakoni, na sehemu nyingine hutokana na hewa inayosugua ubavu. Ncha ina mgao wake, lakini mgao huo ni mdogo. Hata lile tundu la ncha halileti madhara ambayo mtu angeyatarajia: hewa hujaa ndani yake na kutulia, na ile inayopita huteleza juu ya hewa hiyo iliyotulia.

Hapa ndipo Mlima Kenya unapoingia katika hesabu. Nyeri mjini iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki hukaribia mita 1,950. Chukua mchana wa Mombasa wenye joto la nyuzi 30 na asubuhi ya Nyeri yenye nyuzi 18: hewa ya Nyeri ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16. Mkinzano unaopunguza kasi ya risasi hupungua kwa kiasi hichohicho, kwa maana hewa ndiyo inayokinza. Punguzo hilo mtu wa Nyeri hulipata bure, bila kubadilisha kisanduku.

Lakini ubaridi huchukua sehemu ya zawadi hiyo. Kasi ya sauti hutegemea joto la hewa. Mombasa yenye nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Nanyuki alfajiri, kipimajoto kikiwa nyuzi 12, husafiri kama mita 338 au 339. Risasi inayotoka mtutuni kwa mita 345 kwa sekunde iko chini ya mpaka wa sauti kule pwani, na hapa mlimani iko juu yake. Mpigaji wa Mombasa atasikia mlio wa baruti tu. Wa Nanyuki atasikia pia mpasuko wa hewa, na risasi yake italazimika kuuvuka mpaka huo ikirudi chini, mahali ambapo mkinzano hubadilika ghafla na risasi huelekea kutikisika. Wanaoshindana kwa .22 huchagua risasi za kasi ya chini hasa ili kulikwepa eneo hilo. Mtu wa nyanda za juu ana sababu zaidi ya kufanya hivyo kuliko mtu wa pwani, hata kama ncha za risasi zao ni za aina moja.

Upepo nao una fundisho lake, na watu huliona gumu kuliamini. Wengi hudhani risasi ya kasi zaidi husukumwa kidogo na upepo kwa kuwa hukaa hewani muda mfupi. Katika .22 hali ni kinyume. Risasi haisukumwi kulingana na muda wake wote wa safari. Husukumwa kulingana na muda inaoupoteza kwa sababu ya mkinzano, yaani tofauti kati ya muda halisi na ule ambao ingeutumia kama hewa isingekuwepo. Ya kasi, kwa kuwa huanza juu ya mpaka wa sauti ambako mkinzano ni mkali, hupoteza muda mwingi zaidi. Kwa upepo wa mita 4.5 kwa sekunde unaovuma kutoka ubavuni, risasi ya kawaida ya greni 40 husukumwa takriban sentimita 10 ikifika mita 100, na ile ya kasi hukaribia sentimita 15. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Nyeri zitapungua kiasi. Tofauti hiyo ya sentimita 5 imetokana na chaguo la kasi. Ukilinganisha ncha duara na ncha yenye tundu kwa uzito na kasi zinazokaribiana, hutapata tofauti ya kiwango hicho. Anayepiga shabaha kwenye uwanda wazi wa Timau, ambako upepo hushuka kutoka mlimani bila kizuizi, atafaidika zaidi kwa kusoma kasi iliyoandikwa kwenye kisanduku kuliko kwa kuitazama ncha.

Kuna risasi zinazouzwa kwa jina la kasi peke yake. CCI ya Marekani ilitoa Stinger miaka ya 1970, yenye greni 32 tu na kasi ya takriban mita 500 kwa sekunde. Takwimu hiyo huvutia. Lakini kitu chepesi huchoka haraka, na ikifika mita 100 imepoteza sehemu kubwa ya kasi iliyozizidi kwayo nyingine. Humfaa anayepiga karibu. Anayelenga mbali hatapata alichotarajia.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi dhidi ya uchawi wa ncha ni wa zamani. Daktari mmoja wa Marekani, Franklin Mann, alitumia miaka mingi kufyatua risasi alizoziharibu makusudi. Alizikata, akazitoboa, akazipinda, kisha akapima zilikoangukia. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1909. Alichokiona ni kwamba risasi iliyoharibiwa ncha iliendelea kwenda karibu na ilikolengwa, na iliyoharibiwa kitako ilipotea. Sababu yake inaeleweka. Kitako ndicho cha mwisho kutoka mtutuni. Kikiwa hakiko sawa, gesi ya moto hutoka upande mmoja kabla ya mwingine, na kuisukuma risasi kombo wakati ule ule inapoachwa huru. Ncha wakati huo imeshatoka zamani.

Mashindano ya leo yanasema hivyo hivyo. Eley ya Birmingham, Uingereza, hutengeneza risasi ya Tenex yenye ncha bapa, na imeshinda medali nyingi za kimataifa. Lapua ya Ufini hutengeneza risasi zake za mashindano kwa ncha duara, nazo zimeshinda medali. Kama umbo la ncha lingekuwa ndilo linaloamua usahihi, moja ya shule hizo mbili ingekuwa imeshafunga duka. Kinachozifanya zote mbili kuwa ghali ni ulinganifu: kila risasi na mwenzake, kila chembe ya baruti, kila ukingo uliosambazwa dawa ya fataki kwa kiasi kile kile. Na juu ya hapo kila mtutu una mapenzi yake. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana katika risasi inayopendwa na kila moja, na hakuna kisanduku kinachoweza kumwambia mtu hilo. Hujulikana kwa kupiga aina kadhaa kwa umbali wa mita 50, kwenye karatasi, bunduki ikiwa imeegemezwa, na kulinganisha upana wa makundi ya matundu.

Turudi mwanzoni mwa safari, ndani ya bunduki, kwa sababu hapo ncha ina neno zito. Risasi ya .22 kwa kawaida ni madini laini, bila koti au na utando mwembamba wa shaba, na nyingi hupakwa nta kwa nje. Katika bunduki ya bolti, ambapo mkono wa mpigaji ndio unaoisukuma risasi nzima ndani ya chemba, karibu kila ncha huingia vizuri. Katika bunduki inayojipakia yenyewe, springi huisukuma kwa nguvu juu ya kiteremko kidogo cha chuma, na ncha bapa yenye kingo au ncha yenye tundu kubwa inaweza kukwama hapo au kupondeka. Ncha duara huteleza. Mwenye bunduki ya kujipakia anayelalamika kwamba risasi zinakwama aanze kubadilisha ncha kabla ya kumpelekea fundi.

Kwenye barabara za vumbi kati ya Naro Moru na Nanyuki tatizo lina sura nyingine. Nta ile hunasa vumbi. Tundu la ncha hulibeba pia, na uchafu wa mifukoni, na yote huingia mtutuni kama msasa. Risasi zibaki kwenye kisanduku chake hadi zinapohitajika; kuzimimina mfukoni mwa koti ni desturi mbaya ambayo nimeiona mara nyingi.

Nyeri ina historia yake na risasi, na historia hiyo inasaidia kueleza kwa nini mwisho wa safari ndio unaobeba uzito. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo amezikwa Jim Corbett, mwindaji wa simba marara na chui wala watu kule India, aliyehamia Kenya mwaka 1947 na kufariki mwaka 1955. Bunduki yake inayojulikana zaidi ilikuwa Rigby ya .275, aliyotuzwa baada ya kumuua simba marara jike wa Champawat mwaka 1907. Kaliba hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Walter Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya safari zake za kusaka pembe huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwapiga kwa risasi nyembamba ambazo wenzake waliziona za kuchezea. Siri yake ilikuwa ncha. Alitumia risasi ndefu ya greni 173, yenye ncha duara na koti gumu la chuma lisilofunguka. Risasi ya namna hiyo hupita katika mfupa bila kugeuka wala kupanuka, na Bell, aliyelijua fuvu la tembo kama fundi anavyoijua saa, alihitaji tu ifike kwenye ubongo. Risasi ya ncha kali hugeuka kwa urahisi ikiingia katika mwili, kwa kuwa uzito wake umekaa nyuma. Kwa tembo, kugeuka ni kushindwa. Simulizi la mauaji yale linaniumiza, nikijua tembo wa Aberdare na Laikipia walivyobaki wachache, lakini kama ushahidi wa kazi ya ncha sijui mfano wa Afrika Mashariki ulio wazi kuliko huo.

Upande wa pili wa ushahidi huo ni risasi inayopanuka. Karakana ya Waingereza ya Dum Dum, karibu na Kolkata, ilitengeneza miaka ya 1890 risasi ya .303 iliyoachwa ncha yake wazi bila koti ili ifunguke ikigusa mwili. Tarehe 29 Julai 1899, mkutano wa The Hague ulitoa azimio la kupiga marufuku risasi za aina hiyo vitani. Uingereza ilijiunga na azimio hilo mwaka 1907. Athari zake zilifika hadi kwenye bastola. Risasi ya revolva ya kijeshi ya Uingereza ya .38, iliyokuwa madini laini matupu yenye greni 200, ilibadilishwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili ikawa ya greni 178 yenye koti gumu, kwa hofu kwamba ya kwanza ingehesabiwa kuvunja azimio. Hata .22 ilifikiwa: jeshi la anga la Marekani lilitengenezewa risasi za .22 zenye koti la shaba kwa ajili ya bunduki za kujinusuru za marubani.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipokamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, yaani Aberdare, tarehe 21 Oktoba 1956, alishtakiwa mjini Nyeri kwa kuwa na revolva ya .38 na risasi 6. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na silaha au risasi kulitosha kumpeleka mtu kitanzini, na Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wapiganaji wa msituni wengi hawakuwa hata na silaha ya kiwandani. Walitumia bunduki za kienyeji zilizotengenezwa kwa bomba, na bomba halina mifereji ndani. Hilo lina maana kubwa katika mada yetu. Ncha yoyote hupata maana pale tu risasi inapozunguka na kushikilia mbele yake mbele. Bila mzunguko, risasi ndefu hupinduka hewani baada ya hatua chache na kufika kwa ubavu au kwa kitako, na umbo lake halina kazi tena. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma akiwa katika jeshi la kikoloni la KAR kabla ya kuongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alizijua bunduki za mifereji kwa mikono yake. Wengi waliomfuata hawakuwahi kupata nafasi hiyo.

Mtutu wa kawaida wa .22 huizungusha risasi mzunguko mmoja kwa kila sentimita 40.6 hivi. Mzunguko huo unatosha kwa risasi fupi ya greni 40. Mtu akinunua risasi ya greni 60, kama ile inayotengenezwa na Aguila ya Mexico, atakuta imefika kwenye karatasi imelala kiubavu, kwa sababu urefu wake unahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Hilo nalo huweza kudhaniwa kuwa kosa la ncha.

Sasa tufike mwisho wa safari ya .22 yenyewe. Ncha yenye tundu hupanuka au kupasuka inapogusa kitu chenye majimaji, kwa kuwa majimaji hujaa tundu na kulisukuma nje. Kwa kufanya hivyo humaliza nguvu yake mapema, ndani ya kile ilichokigusa. Ncha duara hupita zaidi, na mara nyingi hutokea upande wa pili. Lakini tundu linahitaji kasi ili lifanye kazi. Risasi yenye tundu iliyotengenezwa kuwa chini ya kasi ya sauti, au iliyofika mbali na kuchoka, mara nyingi haifunguki kabisa na hugeuka kuwa ncha duara ya bei ya juu. Anayeinunua kwa ajili ya upanuzi na kuipiga umbali wa mita 120 amelipia kitu ambacho huenda hatakipata.

Kudunda ndiko kunakonitia hofu zaidi. Risasi laini ya .22 inayokwenda polepole, ikigonga jiwe, maji au ardhi iliyokauka kwa pembe ndogo, huinuka na kuendelea. Ncha duara ndiyo hodari zaidi wa tabia hiyo: haina kingo za kushika, haivunjiki, na hubaki na uzito wake. Ncha bapa hushika ardhi vizuri kidogo. Ncha yenye tundu katika kasi ya juu hupasuka mara nyingi zaidi, ingawa hakuna anayeweza kuahidi kwamba itapasuka. Risasi ya .22 iliyoelekezwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5, na hewa nyepesi ya Nyeri huiongezea, wala haiipunguzii. Kuanzia mgongo mmoja wa kilima hadi mwingine kule Othaya au Mukurwe-ini, umbali huo huvuka mashamba, barabara ya shule na kijito chenye watu wanaoteka maji.

Kwa hiyo wawili wenye bunduki ya aina moja wanapaswa kufikiri tofauti. Anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha wenye ukuta wa udongo hana haja ya tundu. Achukue ncha duara au bapa ya kasi ya chini, ile inayopendwa na mtutu wake, na atafurahia pia bei. Mwenye ranchi Laikipia, ambaye leseni yake inamruhusu na analazimika kummaliza mnyama wa kufugwa aliyevunjika mguu, ana swali la kupita kwa kina, na hapo .22 ya ncha yoyote ni chombo cha wanyama wadogo na cha umbali wa hatua chache. Kwa ng'ombe dume amwite mwenye kaliba kubwa zaidi. Kuhusu sungura, kanga na njiwa wa porini wanaoharibu mazao, ncha haina jibu, sheria ndiyo yenye jibu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeikaza marufuku hiyo zaidi. Mkulima mwenye tatizo hilo hulipeleka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Ipo .22 ya mwendo wa kasi zaidi, .22 Magnum ya mwaka 1959, na ipo ndugu yake mdogo, .17 HMR, iliyotolewa na Hornady mwaka 2002. Katika hii ya pili ninakubali bila ubishi kwamba ncha inafanya kazi angani. Risasi yake ya greni 17 hutoka kwa takriban mita 777 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, na hubaki juu ya mpaka huo ikivuka mita 100 na zaidi. Ile ncha ya plastiki huifanya iwe kali, huziba tundu lililo chini yake, na inapogonga husukumwa ndani na kuipasua risasi yote vipande vidogo, jambo linalopunguza kudunda. Lakini uzito wake ni gramu 1.1 tu, upepo wa Timau huichezea, na risasi zake ni ghali kuliko za .22 za kawaida.

Ukilenga .22 ya kawaida kwa mita 50, risasi ile ile itaanguka zaidi ya sentimita 20 chini ya ulikolenga ikifika mita 100. Hewa ya Nyeri hurudisha kama sentimita moja ya anguko hilo. Ncha hurudisha chini ya hapo. Ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, usio na mawe na uliopita kimo cha mtu, huizuia risasi ya kila ncha iliyo dukani, na gharama yake katika shamba la Tetu ni kazi ya siku mbili tatu za majembe.